Bruda Colm: Mwalimu wa Jiografia Aliyefunza Mabingwa

Hebu tuanze na swali. Ni nani aliyemfunza David Rudisha kukimbia? Ukiuliza swali hilo pale sokoni Burma utapewa majibu kumi. Mmoja atakwambia ni babake, mwingine atasema ni maziwa ya ng'ombe wa Umaasaini, na wa tatu ataapa kwamba hakufunzwa na mtu, alizaliwa hivyo. Majibu yote hayo yana chembe ya ukweli. Lakini aliyesimama kando ya kiwanja miaka nenda miaka rudi akimtazama Rudisha akikimbia ni mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, mtawa wa Kikatoliki, ambaye alipotia mguu Kenya hakuwa kocha wa mtu yeyote. Jina lake ni Bruda Colm O'Connell.

Nimeamua kueleza habari zake katika gazeti letu kwa sababu moja. Mjadala wa michezo na masomo hauishi katika shule za jiji hili. Kuna wanaosema michezo ni adui wa vitabu, na muhula wa mitihani ukikaribia kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kugeuzwa tuisheni. Wengine nao wanasema, "Mwacheni kijana acheze, mpira ndio utamlisha," na vitabu wakavitupa kabisa. Maisha ya Bruda Colm yanawajibu wote wawili. Kaa kitako tuyapitie.

KOCHA NI NANI?

Kwanza tuelewane juu ya neno hili, kocha. Huko Marekani, kocha wa chuo kikuu ni mtu mkubwa ajabu. Wana mpira wao, ule wa kubebwa mkononi na wachezaji waliovaa kofia ngumu, na siku ya Jumamosi watu elfu themanini hujaa uwanjani kuwatazama wanafunzi wakiucheza. Chukua mfano wa Tom Osborne wa Chuo Kikuu cha Nebraska. Alikuwa kocha mkuu tangu 1973 hadi 1997, akashinda mechi 255 na ubingwa wa taifa mara tatu. Alipoondoka uwanjani watu wa Nebraska walimchagua kuwa mbunge wao kule Washington, kisha mwaka 2007 akarudi chuoni kusimamia idara nzima ya michezo. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana wala daktari, ni kocha wa chuo.

Kwetu mambo ni tofauti. Kocha wa shule ni mwalimu kama walimu wengine. Asubuhi ana chaki mkononi, jioni ana filimbi mdomoni, na mwisho wa mwezi mshahara ni ule ule wa ualimu. Hakuna anayemlipa kwa jioni zile. Timu ikishinda, gwaridani hushangiliwa wachezaji. Ikishindwa, husemwa kocha. Kazi ya Bruda Colm ilianzia hapo hapo, katika ualimu wa kawaida wa shule ya kawaida.

KUFIKA ITEN

Colm O'Connell alizaliwa mwaka 1948 katika jimbo la Cork, Ireland. Alijiunga na shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrick, watawa ambao kazi yao kubwa ni kusomesha vijana. Mwaka 1976 alitumwa Kenya kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten. Iten ni mji mdogo ulio kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuja kukaa. Alidhani atafundisha kwa muda mfupi, kisha arudi kwao.

Pale shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza aitwaye Pete Foster. Huyu alikuwa nduguye Brendan Foster, mkimbiaji aliyeshinda nishani ya shaba katika mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976. Pete ndiye aliyekuwa ameanza kuwafanyisha wanafunzi mazoezi ya mbio kwa mpango. Alipoondoka kurudi kwao, filimbi ikamwangukia yule bruda wa jiografia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tazama majira yenyewe. Mwaka 1976 Kenya pamoja na nchi nyingi za Afrika ziligomea Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Hivyo kwa miaka kumi na miwili, tangu Munich 1972 hadi Los Angeles 1984, hakuna Mkenya aliyekimbia Olimpiki. Wakimbiaji wengi wazuri walizeeka bila kuonekana. Lakini vijana ambao wangekuja kuirudishia nchi heshima yake walikuwa wakati huo madarasani, wamevaa kaptura za shule. Bruda Colm aliwashika hao.

ALIFUNZA NINI NA HALI HAKUJUA?

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Kwa kuwa hakuwa na ujuzi wa mbio, hakuwa na la kujigamba nalo. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba alijifunza kazi kwa kuwatazama wanafunzi na kuwasikiliza. Aliangalia jinsi mtoto anavyotua mguu, anavyoshika mikono, anavyopumua akichoka. Akauliza, akajaribu, akaandika, akajaribu tena.

Kutokana na hayo akajenga mtindo wake. Mazoezi yake mengi si ya kukimbia hadi ulimi utoke nje. Ni ya kuusahihisha mwili: kichwa kitulie, mgongo unyooke, mikono isipepee ovyo, mguu utue mahali pake kwa wakati wake. Mgeni akienda Iten akitarajia kuona vijana wakisagwa kama mahindi, hushangaa kuwakuta wakifanya vijizoezi vidogo vidogo vya kuruka na kunyoosha viungo, tena kwa utulivu. Yeye huamini kwamba kijana wa miaka kumi na sita akishindiliwa mazoezi ya mtu mzima atang'ara mwaka mmoja, kisha azimike kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Watu wengine husema, "Aah, siri ni ule mlima tu." Ni kweli mlima unasaidia, na wenzangu wa bayolojia wanajua sababu. Juu kule hewa ni nyepesi, kila pumzi huleta oksijeni kidogo kuliko ya pwani. Mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyekundu za damu kwa wingi, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Mtu aliyelelewa huko akishuka Ulaya kukimbia, damu yake imeshazoea shida. Lakini jiulize: milima iko Nepal, iko Bolivia, iko hata Mexico. Mbona mabingwa wa mbio hawatoki huko kwa mamia? Mlima haukuanza 1976. Ulikuwepo tangu enzi. Kilichoongezeka ni shule, ratiba na mtu wa kushika saa.

MITI YA ST. PATRICK'S

Matunda hayakuchelewa. Mwaka 1983 Kip Cheruiyot, mmoja wa mapacha wawili waliosoma hapo, aliandika rekodi ya dunia ya vijana katika mita 1,500. Ibrahim Hussein, aliyepitia shule hiyo hiyo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York mwaka 1987, na wa kwanza kushinda Boston mwaka 1988. Boston akaishinda tena 1991 na 1992. Huko Seoul mwaka 1988, Peter Rono mwenye umri wa miaka 21 alitwaa dhahabu ya mita 1,500, kijana kuliko bingwa yeyote wa Olimpiki wa mbio hizo kabla yake. Miaka minne baadaye mjini Barcelona, Matthew Birir akaleta dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji. Naye Wilson Kipketer, aliyehamia Denmark mwaka 1990 kama mwanafunzi, alishinda ubingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, na mwaka 1997 akavunja rekodi ya Sebastian Coe iliyokuwa imedumu tangu 1981.

Shuleni St. Patrick's kuna desturi nzuri: waliofika kilele cha mbio hupandiwa mti, na mti ukawekewa kibao chenye jina. Mwanafunzi mpya akienda darasani hupita chini ya vivuli vya miti hiyo. Hahitaji kuhutubiwa.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni hili: mbio ziliwapa vijana wale vyeti pia. Vyuo vya Marekani, pamoja na ule mpira wao wa kofia ngumu, huwalipia karo wanariadha wa kila aina. Hussein alisomea Chuo Kikuu cha New Mexico. Rono alisomea Mount St. Mary's, Maryland. Lakini chuo hakimpokei mtu kwa miguu pekee. Lazima awe amefaulu mtihani wa sekondari. Ndiyo maana kocha aliyekuwa pia mwalimu wa darasa hakuona mgongano wowote kati ya kitabu na kiatu. Aliyefeli jiografia alijifungia mlango wa New Mexico hata kama ana mbio za swara. Hussein mwenyewe baadaye aliongoza kituo cha Nairobi cha shirika la riadha la dunia, kituo kinachowafunza makocha wa Afrika. Mwanafunzi wa mwalimu akawa msimamizi wa walimu.

FILIMBI NA FUNGUO

Bruda Colm hakubaki mwalimu wa kawaida. Alipanda hadi kuwa mkuu wa shule. Hapa tumsome vizuri, maana ndipo kazi yake inapofanana na ya Osborne kule Nebraska.

Kocha akiwa peke yake huomba: anaomba muda, anaomba uji wa ziada kwa wachezaji, anaomba nauli ya kwenda mashindanoni. Msimamizi asiyejua michezo huhesabu gharama tu. Lakini mwenye filimbi na mwenye funguo za stoo wakiwa mtu mmoja, au angalau wakiwa watu wawili wanaosikizana, mambo hubadilika. Mazoezi huingia kwenye ratiba kama somo la hesabu linavyoingia, na hayaahirishwi kwa sababu mvua ya mitihani imetanda. Upande wa pili, kocha huyo anajua pia alama za mwanafunzi wake darasani, kwa hivyo kijana hawezi kujificha nyuma ya jezi.

Alistaafu kazi ya shule katika miaka ya 1990. Watu walidhani sasa ataenda kwao Cork kupumzika. La hasha! Alibaki Iten, akaendelea kufunza.

WASICHANA JE?

Dada zangu, msidhani habari hii ni ya wavulana peke yao. St. Patrick's ni shule ya wavulana, lakini mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi za mazoezi za wasichana wakati wa likizo. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Hadi wakati huo hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amepata medali ya Olimpiki, hata ya shaba. Msichana akimaliza shule aliambiwa mbio ni za watoto, sasa ni wakati wa kuolewa.

Miongoni mwa waliopitia kambi hizo ni Lydia Cheromei, ambaye mwaka 1991 alishinda mbio za nyika za dunia za wasichana huko Antwerp, Ubelgiji, kabla hajatimiza miaka 14. Baadaye Janeth Jepkosgei, aliyefunzwa na Bruda Colm pia, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mjini Osaka mwaka 2007. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke Mkenya ililetwa na Pauline Konga mwaka 1996, fedha katika mita 5,000. Dhahabu ya kwanza ikaletwa na Pamela Jelimo mwaka 2008. Simaanishi kwamba wote hao ni kazi ya mtu mmoja. Ninachosema ni kwamba mlango ulikuwa umefungwa, na yeye ni mmoja wa waliousukuma.

RUDISHA

Sasa turudi kwa swali letu la mwanzo. Babake Rudisha, Daniel, alikuwa katika timu ya Kenya ya kupokezana vijiti iliyopata fedha Mexico mwaka 1968. Kwa hivyo damu ilikuwepo. Lakini David alipofika kwa Bruda Colm, akiwa mwanafunzi huko huko Iten, hakuwa mtu wa mita 800. Alikuwa akijaribu mita 400 na hata mashindano yale ya michezo kumi. Kocha alitazama hatua zake ndefu, akamwelekeza kwenye mizunguko miwili. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana.

Msidhani ilikuwa mteremko. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia Berlin, Rudisha alitolewa katika nusu fainali. Wengine wangebadilisha kocha siku iliyofuata. Wawili hawa walirudi Iten wakaanza upya, na mwaka 2010 akavunja rekodi ya dunia mara mbili ndani ya wiki moja. Kisha ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012. Aliongoza tangu mlio wa bastola, bila mtu wa kumvuta. Mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28, wa pili 51.63, jumla dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna aliyewahi kukimbia chini ya 1:41 kabla yake. Mbio zenyewe zilikuwa kali hivi kwamba aliyemaliza wa mwisho, mtu wa nane, alitumia muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Rudisha akatetea taji lake Rio mwaka 2016.

TUSIPAKE SUKARI

Haitakuwa haki nikiacha upande wa pili. Kwa kila Rudisha kuna mamia ya vijana waliokwenda Iten na kurudi nyumbani mikono mitupu, na walioacha shule kwa ajili hiyo walirudi wakiwa wamepoteza viwili. Pesa zilipoingia mbioni, na dawa za kuongeza nguvu ziliingia. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 2016 Bunge likalazimika kupitisha sheria ya kupambana nazo, Kenya ikiwa ukingoni mwa kuadhibiwa na dunia. Na mwaka 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa ametoka tu kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Msichana anaweza kuishinda dunia nzima barabarani na bado akakosa usalama chini ya paa lake. Mafunzo ya miguu bila mafunzo ya maisha hayatoshi, na hili si la Iten peke yake.

NA SISI WA SHAURI MOYO?

Najua mtaniuliza: "Wewe, sisi tuna mlima gani hapa? Tuna Gikomba na vumbi la Jogoo Road." Kwanza, Nairobi yenyewe iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, kwa hivyo hatuko bondeni kama tunavyodhani. Pili, mtaa wetu na majirani zake wana michezo yao. Uwanja wa City uko hatua chache kutoka hapa. Kaloleni watu wanaujua mpira tangu zamani, na Muthurwa na Pumwani wanajua ngumi. Katika Olimpiki ile ile ya Seoul ambayo Peter Rono alishinda, bondia Robert Wangila wa Nairobi alitwaa dhahabu ya ndondi. Mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyeifikia. Alifanya mazoezi katika jiji hili hili lenye moshi wa matatu.

Tunachoweza kukiiga kutoka Iten hakihitaji mlima wala pesa nyingi. Mosi, kipindi cha michezo kiheshimiwe katika ratiba, kisiwe akiba ya kukopwa kila somo likichelewa. Pili, mchezaji asipandishwe basi la timu kama daftari zake hazijasahihishwa. Tatu, wasichana wapewe kiwanja na muda wao, wasingoje wavulana wachoke kwanza. Nne, mwalimu asiyejua mchezo asiogope kushika filimbi; Bruda Colm hakujua, na alijifunza kwa kutazama na kuuliza. Tano, na hili ni letu wanafunzi, tumshukuru mwalimu anayebaki nasi kiwanjani saa kumi na moja jioni wakati wenzake wako njiani kwenda nyumbani. Hakuna anayemlipa kwa saa ile.

Nasi tunaosoma hapa tumepewa jina la mtaa lenye fumbo ndani yake. Ukimwomba mtu ushauri akachoka nawe, hukwambia, "Shauri ya moyo wako." Basi kitabu kipo, kiwanja kipo ingawa ni kidogo, na saa kumi kengele hulia. Lililobaki ni shauri la moyo.